Thumuni ya Bibi

Ukubwa ni jaa, husema watu wa pwani, na anayeijua vyema maana ya kauli hiyo ni mwanamke mzee wa Visiwani. Kwake huachwa wajukuu ambao wazazi wao wamekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam au Muscat. Kwake huletwa mgonjwa, mzazi mwenye kichanga, na ugomvi wa mke na mume. Jaa hupokea kila kitu. Ni nadra mtu kuuliza nalo hupata nini.

Wala si kwamba bibi huyo alikaa bure ujanani. Aliyetimiza miaka 70 mwaka 2016 alizaliwa mwaka 1946. Tangu ukigori alifundishwa kufukia makumbi ufukoni, kuyafukua baada ya miezi kadhaa, kuyaponda mpaka yatoe usumba, kisha kuusokota kamba. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, alikuwa na miaka 43. Wanawake wa umri wake waliingia majini bamvua hata bamvua, jua utosini, wakifunga vipando katika kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Wengi wa wakulima wa zao hilo walikuwa, na wangali, wanawake. Mwani ukasafirishwa ng'ambo kwenda kutolewa ute unaotumika kuzitia uzito dawa ya meno na vyakula vya maziwa. Mkulima akabaki na maumivu ya mgongo na bei aliyopangiwa na mnunuzi. Kisha bahari ikazidi joto, na kotonii, ile aina yenye bei nzuri zaidi, ikawa inakufa katika maji ya kina kifupi.

Kazi yote hiyo haikuandikwa popote. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar ulioundwa mwaka 1998 ulisimama juu ya michango ya mwajiriwa na mwajiri wake, na bahari haina daftari la mishahara. Yakabaki mirathi. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto hurithi thumuni, na wajane wakiwa wawili hugawana thumuni hiyo hiyo. Sharia iliyoweka fungu hilo iliweka pia wajibu wa watoto kumtunza mama yao. Lakini fungu hugawiwa mara moja likesha, na wajibu hungoja msimu wa watalii uwe mzuri. Na kwa kuwa wanawake huolewa na waume waliowazidi umri, kisha wakaishi zaidi yao, ujane huwa safari ndefu.

Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe tajiri au maskini, bila ya kudaiwa mchango. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Si fedha ya kuezekea nyumba. Ni ya sukari, mchele, mafuta ya taa na daftari la mjukuu. Hata hivyo ina sifa moja ambayo mshahara na mirathi havikuwa nayo: haimuulizi bibi alikuwa mke wa nani, wala aliajiriwa na nani. Humjia kwa jina lake mwenyewe.

Kasoro zipo. Aliyezaliwa zama ambazo uzazi wa kijijini haukuandikwa hutakiwa athibitishe umri ambao yeye huuhesabu kwa misimu ya karafuu. Na mwenye miaka 63, ambaye magoti yake yamekwisha kwa maji ya chumvi, hana budi kungoja miaka saba.

Wapo wanaohofu kwamba fedha ya Serikali itawasahaulisha watoto wajibu wao. Mtoto mwema hamnyimi mamaye kwa kuwa ana chake. Na aliyekwishamsahau hakungoja pensheni. La kuogopa zaidi ni kuiita fedha hiyo sadaka. Sadaka hutolewa kwa huruma, na huruma ikipungua hukatwa. Hii ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa, na mwenye kuidai hana haja ya kuinamisha kichwa.