Haki ya Mlaji na Haki ya Mpishi



Mwezi uliopita nilipanda treni ya SGR kutoka Miritini, nikateremka Athi River, nikaenda kumzuru binti yangu anayeishi na mumewe upande wa Kitengela, kaunti ya Kajiado. Ni nchi ya Wamasai na ng'ombe wao, ambayo sasa imejaa nyumba za watu waliotoka kila pembe ya Kenya. Wajukuu walinipokea kwa ombi moja: "Babu, leo tupeleke tukale piza."

Piza si kitu kigeni sana kwetu watu wa Pwani. Asili yake ni Napoli, Italia, na ufundi wa wapishi wa mji huo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2017. Lakini ukiuvua umaarufu, ni mkate uliotandazwa, ukapakwa nyanya, ukatiwa jibini, ukaokwa. Wenzetu wa Unguja pale Forodhani huuza chakula wanachokiita piza, nacho ni ndugu wa mkate mayai wetu wa Mombasa. Basi nikakubali, tukaenda katika mkahawa mdogo ulio karibu na nyumbani. Tukaagiza piza ya nyama ya ng'ombe.

Tulingoja muda wa saa nzima na robo. Watoto walianza kulia kwa njaa, nami, nikiri mbele yenu, subira ninayowafundisha wengine juu ya mimbari ilinikimbia. Nilimwita mhudumu, binti mdogo aliyevaa msalaba shingoni, nikamuuliza kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Mmelala huko jikoni?" Akainamisha kichwa, akasema stima ilikatika na tanuri likapoa. Mjukuu wangu wa miaka sita akanivuta kanzu: "Babu, umemgombeza?" Sikuwa na jibu.

Piza ilipofika ilikuwa imeungua chini na kupoa juu. Kabla hatujaigusa, nikaona katika orodha ya vyakula kwamba wanapika pia ya nyama ya nguruwe. Kuchinjwa kwa ng'ombe hakukunitia shaka kubwa, kwani machinjio mengi ya nchi hii huwaajiri Waislamu wachinje. Shaka yangu ilikuwa kisu. Nikamuuliza yule binti. Akatazama kaunta, alikokuwa amesimama mwenye mkahawa, kisha akasema polepole: "Mzee, sitaki kukudanganya. Kisu ni kimoja, na ubao ni ule ule."

Mwenye mkahawa alisikia, na uso wake ukabadilika. Nikafahamu kwamba msichana huyu ameweka riziki yake rehani kwa ajili ya dini isiyo yake, tena kwa mtu aliyetoka kumkaripia.

Nilimwomba radhi mbele ya wajukuu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Mpishi angeyajua wapi hayo? Kosa la kutouliza kabla ya kuagiza lilikuwa langu, kwa hiyo nililipa pesa zote, tukaondoka na njaa yetu.

Njiani binti yangu alikuwa ameshika simu, akiandika ili majirani wote wasome: "Wezi na wachafu, msiende." Nikamwambia, "Mwanangu, wizi umeuona?" Akasema, "La." "Uchafu umeuona?" Akanyamaza.

Hapo nikamweleza habari ambayo sikuwahi kumsimulia. Marehemu mama yangu aliuza mkate wa mofa Mji wa Kale. Siku moja jirani alidai ameona mende katika unga wake. Hakuna aliyekwenda kutazama. Neno lilipita mlango hadi mlango. Kabla ya mwezi kwisha joko lilikuwa limezimwa, na sisi wanawe tukawa tunakwenda chuoni bila chai. Neno lile lilitoka mdomoni mwa mtu mmoja. Leo neno hutoka katika simu, na halihitaji hata kupita milangoni.

Ndugu zangu, na hasa akina mama mnaolisha nyumba zetu, Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akikitia kasoro chakula, akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Lakini ni yeye huyo aliyetia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta imerowa ndani, akamkemea muuzaji kwa kutoiweka iliyorowa juu watu wakaiona. Ladha ni jambo la kusamehewa; udanganyifu ni jambo la kukemewa. Naye yule binti wa Kitengela, pamoja na ucheleweshaji wote, aliiweka nafaka iliyorowa juu.

Imamu Nawawi katika Riyadhu Swaalihiin ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa aibu yake, na miongoni mwazo ni kudai haki uliyodhulumiwa na kuwatahadharisha watu na madhara. Kupoza hasira hakumo. Basi binti yangu akafuta, akaandika upya: tulichelewa, chakula kilipoa, kisu ni kimoja, Muislamu aulize kwanza, na mhudumu ni mkweli. Asubuhi mumewe akaenda kuzungumza na mwenye mkahawa ana kwa ana kuhusu kisu na ubao.

Usiku ule tulikula mkate mayai sinia moja, na wajukuu wakauita piza ya mama.

Nimerudi Mombasa. Juzi binti yangu alinipigia simu akasema mwenye mkahawa ameahidi kununua kisu cha pili. Nikashukuru, lakini nililotaka kujua lilikuwa jingine: "Yule binti bado yupo kazini?"

Akasema, "Yupo, Baba. Amewauliza watoto hali yako."

Mwenyezi Mungu atulinde na shari ya ndimi zetu na vidole vyetu. Wabillahi tawfiq.