Kutolewa Si Kufika

Januari ya mwaka ule nilikwenda Ndalambo, wilayani Momba, kumsalimu baba mdogo. Baada ya shikamoo na marahaba alinipeleka shambani. Mahindi yalikuwa yamefika kimo cha goti, lakini yamepauka. "Yana njaa, mwanangu," alisema.

Nami, kwa kiburi cha msomi aliyetoka mjini, nikamjibu kwamba ruzuku ya mbolea ilizinduliwa tangu Agosti 2022, namba ya mkulima anayo, basi kama mahindi yana njaa, mzembe ni yeye. Hakunijibu. Aliinama mahali alipokuwa amerudishia mbegu, akang'oa mche mmoja mweupe kama karatasi, akanikabidhi. "Na huyu je? Udongo ni uleule, mvua ni ileile."

Mimi hufundisha utawala, si mimea. Nilirudi chuoni na swali lile, nikamwendea mwenzangu wa botania. Aliniambia kwamba sababu za weupe kama ule ni nyingi, nyingine ni za kurithi, na akanieleza moja ambayo haijanitoka akilini.

Ukijani wa jani umo ndani ya vyumba vidogo vya seli viitwavyo kloroplasti. Humo ndimo mmea hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Kloroplasti huhitaji protini zipatazo 3,000, lakini jeni zake yenyewe hutengeneza takriban 100 tu. Zilizobaki hutokana na maagizo ya kiini cha seli, hutengenezwa nje ya kloroplasti, kisha husafirishwa. Nyingi kati yake hubeba mwanzoni mwake kipande kinachofanya kazi ya anwani. Mlango wa kloroplasti huisoma anwani hiyo, huipitisha protini, kisha kipande hicho hukatwa. Kwa kugundua kwamba protini hubeba anwani zake zenyewe, Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Kumbe kuingia si mwisho wa safari. Ndani ya kloroplasti mna tando nyingine, thailakoidi, na huko ndiko mwanga unakonaswa. Baadhi ya protini zina anwani ya pili, ambayo husomwa baada ya ile ya kwanza kukatwa, na lango la pili ndilo huamua. Mwaka 1997 watafiti walieleza jeni ya mahindi iitwayo Hcf106, ambayo protini yake ni sehemu ya lango mojawapo la ndani. Jeni hiyo ikiharibika, protini zinazotegemea lango hilo hutengenezwa vizuri, huvuka mlango wa nje, kisha hukwama hatua chache tu kutoka zinakohitajika. Mche huota kwa akiba iliyomo kwenye punje, ukaonekana mzima ingawa rangi yake ni hafifu. Akiba ikiisha, katika wiki chache tu, hufa. Kumwagia mbolea hakuuokoi, kwa kuwa haukupungukiwa na kitu udongoni. Jani changa lina muda wake wa kujijenga, na muda huo haumngoji aliyechelewa.

Nilipokuwa nikimsikiliza, nilikumbuka maneno ambayo mama mdogo alininong'oneza usiku ule wa Januari. Baba mdogo alikuwa amekwenda mjini mara mbili kufuata mbolea. Mara ya kwanza aliambiwa mzigo haujafika, na mara ya pili aliambiwa mtandao hausomi namba. Nauli ya safari ya tatu ilibidi aikope. Mfuko ulipopatikana, mahindi yalikuwa yameshatoa mbelewele. Ruzuku ilitolewa kweli na ikavuka lango la kwanza. Yeye nilimwita mzembe.

Nilimpigia simu kumwomba radhi. "Yameisha, mwanangu," alisema, kisha akaniuliza habari za watoto. Msimu ule alivuna magunia machache kuliko aliyozoea, na binti yake mdogo akangoja muhula mzima ada ipatikane.

Ndugu zangu watumishi wa umma, taarifa zetu hupenda kitenzi kimoja: "zimetolewa." Fedha zimetolewa, dawa zimetolewa, pembejeo zimetolewa. Kitenzi hicho hueleza mlango wa kwanza tu. Ukiwa wilayani hujafika kijijini, na ukiwa kijijini bado hujafika kwenye shina la hindi. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, mkikabidhiwa taarifa ya namna hiyo, msiishie kuuliza kiasi gani. Ulizeni kimefika kwa nani, na siku gani.

Mche ule niliukausha ndani ya daftari langu la mihadhara. Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wapya kabla sijaandika neno lolote ubaoni.