Kuchagua Risasi

Kiswahili kina neno moja kwa vitu vitatu. Risasi ni yale madini mazito na laini ambayo wavuvi hutengenezea chubwi za nyavu. Risasi ni kile kipande kinachotoka mtutuni na kwenda kumpata mnyama. Na risasi ni kile kitu kizima kinachouzwa dukani: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kilichopachikwa mdomoni. Nilikulia Tanga nikilitumia neno hili bila kujali tofauti hizo, wala sikuona hasara yoyote. Nilipohamia Wisconsin, kaskazini ya Marekani, na majirani wakanialika kwenda kuwinda pamoja nao, ndipo nilipoona kwamba mtu anayetaka kuchagua vizuri hana budi kuvitenganisha vitu hivi vitatu na kuuliza habari za kila kimoja.

Mnyama wa huko si paa wala kulungu wetu, ingawa makamusi humpa majina hayo. Ni ayala, yule tunayemsoma katika Biblia ya Kiswahili. Dume lake huota pembe zenye matawi, zikadondoka kila mwaka na kuota upya, jambo ambalo swala wetu hawalijui. Yule wa Wisconsin huitwa mkia mweupe, na dume lililokomaa huweza kufikia kilo 100 na zaidi. Msimu wa bunduki huanza Jumamosi kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, na hudumu siku tisa. Siku hizo mamia ya maelfu ya watu huingia mwituni na nguo zao za rangi ya machungwa inayong'aa, na nyumba nyingi hupata humo nyama ya kuweka kwenye friza mpaka masika.

Basi nikaenda dukani. Kijana aliyekuwa kaunta alipojua kwamba ni mara yangu ya kwanza, aliniwekea mezani risasi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, aina ya .300 Winchester Magnum iliyotoka mwaka 1963. Alisema kwamba kwa risasi hiyo hata nikikosea kidogo mnyama ataanguka tu. Jirani yangu, mzee mstaafu aliyekuwa fundi wa magari, aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa akiwinda kwa bunduki ya baba yake, aina ya .30-30, ambayo risasi yake ilianza kuuzwa mwaka 1895. Kichwa chake kina uzito wa greini 170, yaani kama gramu 11, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 670 hivi kwa sekunde, mwendo ambao vijana wa sasa huuona ni wa kinyonga. Kwa bunduki hiyo mzee alikuwa amelisha watoto wanne.

Nani kati yao alikuwa na haki? Nilipouchunguza mwitu wenyewe niliona kwamba miti imesongamana, na mtu akimwona ayala kwa hatua mia moja amebahatika. Risasi inayoweza kufika mita 400 kwa nguvu haina kazi mahali ambapo jicho halifiki mita 100. Lakini sababu kubwa zaidi ilikuwa bega langu. Kila mpigo una malipo yake, na bunduki huyalipa kwa teke. Teke la .300 Magnum hupita mara mbili lile la .243, risasi ndogo ya mwaka 1955 ambayo wengi huwafundishia watoto wao. Aliyepata mafunzo ya JKT anajua kinachotokea mtu anapoiogopa bunduki yake: hufumba macho, hukaza mabega, na kuvuta kifyatulio kwa pupa kama anayeng'oa jino. Mkufunzi wetu alikuwa akituambia kwamba shabaha haikoswi na bunduki, hukoswa na woga.

Hapo ndipo maneno ya yule kijana wa dukani yalipodhihirika ubovu wake. Anayenunua nguvu ili zimfunikie kasoro ya shabaha hununua pia teke litakaloizidisha kasoro hiyo. Na ayala aliyepigwa tumboni kwa risasi kubwa hafi upesi kwa sababu ya ukubwa wake. Huondoka nayo mwituni akafe taratibu, usiku, kwenye baridi. Mimi nilichagua .308 Winchester, ya mwaka 1952, kwa sababu niliweza kuipiga mara ishirini kwa asubuhi moja bila bega kulalamika, na kwa sababu hapakuwa na duka lililokosa kuiuza. Mwingine angechagua .270 ya mwaka 1925, au .30-06 ya mwaka 1906, ile ambayo Theodore Roosevelt alikuja nayo Afrika Mashariki mwaka 1909, na ayala asingejua tofauti.

Tofauti anayoijua ayala ni ya kichwa. Watu hufikiri risasi huua kwa kumwangusha mnyama, kama mtu anavyoangushwa kwa ngumi. Sivyo. Kichwa huua kwa kutoboa mapafu, au moyo, au mishipa mikubwa iliyopo hapo. Damu ikiisha kichwani mnyama huzimika, na jambo hilo huchukua sekunde chache ambazo ndani yake huweza kukimbia hatua hamsini, hata mia. Eneo lenyewe, nyuma ya bega, ni duara la kama sentimita 20, si kubwa kuliko sahani. Kichwa kinachofaa hufika hapo, huchanua kama uyoga mpaka kikakaribia mara mbili ya upana wake, kisha hutokea upande wa pili. Kikiwa laini mno, hasa kikipigwa kwa mwendo mkali na kwa karibu, hupasuka juu ya mfupa wa bega na kuishia kwenye nyama ya juu. Kikiwa kigumu mno hupita kama sindano ya makanikani kwenye gunia, kisiache njia ya damu.

John Nosler alikutana na taabu ya namna ya kwanza mwaka 1946 huko British Columbia, alipokuwa akiwinda aina kubwa kabisa ya ayala, mwenye mwili kama wa farasi. Vichwa vyake vilipasuka bila kuingia ndani. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa shaba, cha mbele kichanue, cha nyuma kibaki kizima na kuendelea na safari. Kilianza kuuzwa mwaka 1948, na mpaka leo kinauzwa. Taabu ya namna ya pili imetungiwa sheria. Wisconsin inakataza kumpiga ayala kwa kichwa kisichochanua, kile cha kijeshi kilichofunikwa shaba mwili mzima.

Wapo watakaonijibu kwa jina la Bell. W. D. M. Bell, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1880, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao Karamoja na nchi za jirani, na sehemu kubwa kwa bunduki ndogo ya 7x57, risasi ya mwaka 1892. Wanaopenda risasi ndogo humtaja kama wakili wao. Lakini Bell alikuwa akipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi akiwa amesimama upande wowote, na kwa fuvu lile alitumia kichwa kigumu kisichochanua, kwa kuwa alihitaji kipenye mfupa bila kupinda. Uzeeni alirudi Scotland, akawa anawinda ayala wekundu kwa .220 Swift, yenye kichwa cha greini 48 tu. Mkono wake uliweza. Sheria ya Scotland ya mwaka 1985 haikutaka kuwaamini watu wote kama wangaliamini mkono wa Bell: iliamuru kichwa kisichopungua greini 100 kwa ayala mkubwa, nacho kiwe cha kuchanua. Mwaka 2023 kiwango kilishushwa hadi greini 80 ili vichwa vya shaba, ambavyo ni vyepesi, viweze kutumika. Bell angekuwa hai leo, na .220 yake angekuwa mhalifu. Sioni dhuluma katika hilo. Sheria hutungwa kwa ajili ya mkono wa kawaida, na wangu ni wa kawaida.

Kwangu lilikuwapo swali jingine ambalo vitabu vya bunduki havilijui. Sisi hatuli kibudu. Mtume aliulizwa juu ya mnyama aliyepigwa kwa fimbo ya kurusha, akafundisha kwamba aliyetobolewa na ncha huliwa, na aliyeuawa kwa kugongwa na ubapa haliwi. Tangu bunduki zienee wanazuoni wametofautiana. Wapo waliosema kichwa cha risasi huua kwa kishindo, hivyo mnyama asipodirikiwa kuchinjwa akiwa hai ni haramu. Na wapo, nao ni wengi zama hizi, wanaosema kwamba hutoboa kama mshale, basi aliyepigwa kwa bismillahi ni halali. Nilimpigia simu mjomba wangu, ambaye ujanani aliwinda pori la Handeni kwa gobori lenye leseni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nasikia unakwenda mwituni na Wazungu. Utamdiriki kumchinja huyo mnyama?"

"Akipatwa mapafuni hazipiti sekunde nyingi, mjomba. Huenda nikamkuta ameshakufa. Nikimpiga mahali pengine ndipo ningemdiriki."

Alinyamaza kitambo, mpaka nikadhani simu imekatika.

"Sikiliza," akasema. "Sisi gobori tulilishindilia marisau na vipande vya nondo. Mnyama alikimbia kutwa. Tuliomdiriki tulimchinja na tukala. Tusiomdiriki, Mungu ndiye ajuaye walikufia wapi. Soma bismillahi unapovuta, mpige pa kufa, na kisu uwe nacho. Kumtesa mnyama ili upate kumchinja, hiyo nani kakufundisha?"

Sikupata fatwa bora kuliko hiyo, na wala sikutafuta nyingine. Nilichotakiwa kuchagua sasa kilikuwa wazi: kichwa kinachotoboa na kupita, kisichopasuka, kwenye risasi ambayo mkono wangu ungeweza kuipeleka pa kufa.

Ikabaki maana ya tatu ya neno letu, yale madini. Kwa vizazi vingi vichwa vimejazwa madini ya risasi kwa sababu ni mazito na huchanua kwa urahisi. Lakini kinachochanua huacha vumbi. Mwaka 2008 daktari mmoja wa North Dakota alipiga picha kwa mashine ya hospitali vifurushi vya nyama ya ayala ambavyo wawindaji walivitoa kwa ajili ya maskini. Vingi vilikuwa na vipande vya madini, vingine vidogo kuliko chembe ya chumvi, na idara ya afya ya jimbo ikashauri nyama hiyo isigawiwe. Mwaka huohuo watu zaidi ya 700 wa jimbo hilo walipimwa damu. Waliokula nyama ya mawindo walionekana na risasi nyingi kidogo kuliko wasioila, ingawa hakuna aliyevuka kiwango kilichohesabiwa kuwa cha hatari wakati ule. California ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2019 imekataza kabisa vichwa vya madini ya risasi katika uwindaji, kwa kuwa tai wake wakubwa walikuwa wakifa kwa kula mabaki yaliyoachwa porini.

Sikuhitaji kiwango cha hatari kwa damu za watoto wangu. Vichwa vya shaba tupu vipo madukani tangu miaka ya mwisho ya 1980. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, hivyo kichwa chake huwa kirefu zaidi kwa uzito uleule, na huhitaji mwendo ili kichanue, kwa hiyo ni afadhali kuchagua chepesi kinachokwenda kasi. Bei yake ni kubwa. Lakini mwindaji wa ayala hutumia kimoja au viwili kwa msimu, na gharama ya vile vya mazoezi huweza kupunguzwa kwa kupigia karatasi vile vya bei nafuu, mradi avijaribu vile vya kuwindia kabla ya siku yenyewe. Nilichukua greini 150 za shaba.

Siku ya tatu ya msimu jike moja lilitokea kwenye mivinje ya bonde, kama hatua sabini. Nilisoma bismillahi, nikavuta. Lilikimbia hatua arobaini likalala. Nilipofika na kisu, macho yalikuwa yameshatulia. Tundu la kuingilia na la kutokea yalikuwa mahali pake, na nyama iliyoharibika haikujaza kiganja. Mke wangu aliipika kwa nazi, tukala, na fungu moja likaenda kwa mzee wa .30-30, ambaye mwaka ule hakupata kitu.

Watu wakiniuliza sasa risasi gani ni bora, huwajibu kwamba swali limepinda. Aulize kwanza bega lake linastahimili nini, kisha mnyama wake ana mwili gani na atamwona kwa umbali gani, kisha kichwa kitafanya nini kikishaingia, na mwisho nani watakula. Nguvu inayouzwa dukani haina mahali pake katika maswali hayo. Mnyama hakutuomba tumwinde. Tukishaamua kumwinda, deni letu kwake ni kifo cha haraka, na deni hilo hulipwa mapema, kwenye uwanja wa shabaha na kwenye kaunta ya duka, wakati yeye bado anakula majani bila habari zetu.