Palipo safi, mtu hujiheshimu

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa miguu, ukateremka hadi Globe, kisha ukafuata Mto Nairobi kuelekea Museum Hill, utaikuta bustani iliyo kando ya mto, karibu na Barabara ya Kijabe. Hiyo ndiyo Michuki Memorial Park. Si kubwa, wala haina wanyama wa kutazamwa. Ina miti, nyasi, vijia vya kutembelea na mahali pa kupumzika. Hata hivyo, mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto jinsi mazingira yanavyoongoza tabia ya mwanadamu hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Kabla ya mwaka 2008, mahali hapo palikuwa jaa. Mafundi wa jua kali walitengeneza magari ukingoni, oili chafu ikaingia mtoni, na taka za mjini zikarundikwa juu yake. Waporaji walipata maficho, na mtu mwenye akili zake hakupita hapo giza likishaingia.

Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, aliamua ukingo huo usafishwe. Taka zikaondolewa na miti ikapandwa. Jambo hilo halikuwa tamu kwa wote, kwani mafundi walipoteza mahali pao pa kazi. Lakini watu walianza kupita na kuketi pale walipokuwa wakipakimbia.

Michuki alifariki Februari 2012. Baada yake uangalizi ulilegea, uchafu ukarudi kidogo kidogo, na wahalifu nao wakarudi. Ilibidi bustani ifufuliwe tena mwaka 2020.

Tazama jambo hilo kwa makini, ndugu msomaji. Mto ni ule ule, na wapitao ni Wanairobi wale wale. Kilichobadilika ni sura ya mahali. Je, sura ya mahali yaweza kumgeuza mtu?

Wataalamu wa Uholanzi walilichunguza swali hilo katika mji wa Groningen, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Walifunga vikaratasi vya matangazo kwenye baiskeli zilizoegeshwa kichochoroni. Ukuta ulipokuwa safi, watu 33 katika kila 100 walitupa kikaratasi chini. Ukuta ulipochorwachorwa, idadi ilipanda hadi 69. Kisha wakaacha bahasha ikining'inia kwenye sanduku la barua, noti ya yuro 5 ikionekana ndani. Palipokuwa safi, watu 13 katika kila 100 waliiba bahasha. Sanduku lilipochorwachorwa, walioiba walikuwa 27. Hivyo basi, uchafu haualiki uchafu tu, bali huweza kualika hata wizi. Mtu akiona sheria moja imevunjwa bila mwenyewe kujali, moyo humwambia kwamba na nyingine zaweza kuvunjwa.

Aliyekuwa akipanda matatu mwaka 2004 ana ushahidi wake mwenyewe. Michuki huyo huyo, wakati huo akiwa Waziri wa Uchukuzi, alileta kanuni zilizoanza kutumika Februari mwaka huo. Nissan zikabeba abiria 14 tu. Zikawekwa mikanda na vidhibiti mwendo, zikapakwa mstari wa manjano, na makanga akavaa sare. Abiria aliyezoea kusukumwa kama gunia la viazi akaketi vizuri na kufunga mkanda. Msako ulipolegea, magari mengi yaliyarudia ya kale, na abiria wakayarudia pamoja nayo.

Lakini jambo zito zaidi ni kile ambacho taka humwambia mtoto. Kila asubuhi anaruka maji machafu akienda shuleni. Taa ya mtaani ilikufa zamani na hakuna aliyekuja kuitengeneza. Anafunzwa somo ambalo halimo katika silabasi: kwamba yeye na watu wake si wa kushughulikiwa. Akishaliamini somo hilo, ataona taabu gani kuvunja kioo cha dirisha, au hata kuyachezea maisha yake mwenyewe?

Hapa tusimdharau maskini. Uchafu wa mtaa si uchafu wa roho za wakazi wake. Mara nyingi ni gari la taka lisilofika kwao, huku mitaa ya matajiri ikifagiwa.

Ndiyo maana vijana wa Dandora wanastahili kupigiwa makofi. Mtaa wao umekuwa ukipokea taka za jiji zima tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, baadhi yao walijitwika kazi ya kusafisha nyua zilizo kati ya nyumba. Walipaka kuta rangi, wakapanda miti, na watoto wakapata mahali pa kucheza. Hawakungoja kupewa heshima kwanza ndipo wasafishe. Na kijana aliyeupanda mti kwa mikono yake si rahisi autupie taka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huenda ufa wenyewe ni balbu iliyoungua kwenye ngazi za ploti yenu, au ganda la ndizi ambalo kila mpangaji analiruka akidhani ni la jirani. Kabla ya kumkemea kijana kwa tabia yake, tuangalie pale tunapomlea.

Jumapili moja wapelekeni watoto Michuki Park. Waonyesheni ilivyo leo, na muwasimulie palivyokuwa. Kisha waambieni kwamba bustani hiyo ilikwisha kupotea mara moja, si kwa tetemeko wala mafuriko, bali kwa kukosa wa kuitunza.