Kianjokoma, na Karatasi Iliyobandikwa Kiooni

Atokaye Mombasa kwenda Kianjokoma huiacha bahari leo na kuifikia baridi kesho. Ni karibu kilomita 480 hadi Nairobi, tulikolala, kisha nyingine zipatazo 130 kupitia Thika na Mwea mpaka mji wa Embu. Kutoka hapo barabara hupanda kuuelekea Mlima Kenya, kahawa ikipungua na chai ikizidi, mpaka mtu ajikute katika mji mdogo wa soko ambao juu yake ni mashamba ya chai, kisha msitu. Tulifika mwezi wa Agosti, familia tatu za darsa moja, watu kumi na watatu pamoja na watoto. Na wa kwanza kuilalamikia baridi tulikuwa sisi wenyewe, tuliowahimiza wenzetu wasijitwike mablanketi mengi.

Mama zetu walikwisha kufurahi tangu Mwea. Mchele wa pishori wanaoupikia biriani miaka yote, waliuona sasa ukiwa bado umesimama ndani ya maji, kijani kitupu pande zote mbili za barabara. Kwetu Pwani jina la Embu limeandamana sana na muguka, na tuliyoyasema juu yake mimbarini hatuyarudii hapa. Inafaa tu kujua kwamba muguka ni zao la Mbeere, nchi ya joto iliyo chini huko. Kianjokoma watu huamka na chai. Kabla ya saa mbili asubuhi tulishuhudia wachumaji wameshaingia mashambani, vikapu mgongoni, na mlima ukionekana wazi kwa muda mfupi kabla ya mawingu kuufunika.

Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu aliyesomesha Likoni miaka mingi, si Muislamu, lakini alituletea jogoo aliye hai na kisu, akasema, "Sheikh, mchinje wenyewe, mle kwa amani." Adabu ya namna hiyo hainunuliwi.

Ila safari hii nusura isiwepo, na sababu yake ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Wiki mbili kabla ya kuondoka tulikuwa tumekwisha kupatana na kijana mmoja mwenye gari la abiria kumi na wanne, kwa bei nzuri. Alilileta tulione. Mama mmoja wa darsa yetu, mjane, hakutazama viti. Alisimama mbele ya kioo, akaisoma karatasi ya bima iliyobandikwa pale, kisha akatugeukia: "Sheikh, gari hili limekatiwa bima ya nini?"

Tulimjibu kwa haraka, na leo twaona haya kuliandika jibu lenyewe, kwamba bima anayo, na mengine tumwachie Mola. Mama yule akanyamaza kidogo. Kisha akatusimulia jambo ambalo katika miaka yote ya darsa hakuwahi kulisema. Marehemu mumewe alifariki katika gari la kukodi, akienda arusini. Gari lilikuwa na bima, na muda wake haukuwa umekwisha. Lakini ilikuwa bima ya matumizi ya binafsi, na siku ile lilibeba watu waliolipa nauli. Kampuni ililikataa dai kwa sababu hiyo. Mwenye gari naye hakuwa na kitu cha kulipa. Alibaki na watoto wanne na faili la barua.

Tukaisoma karatasi ile pamoja naye. Na lile letu lilikuwa hivyo hivyo: matumizi ya binafsi.

Kijana hakuwa mwongo. Bima anayo, tena halali, ila haikuwa ya safari yetu. Gari la kubeba abiria kwa malipo lina bima yake na leseni yake, na ada yake ni kubwa zaidi, ndiyo maana kukodi kwake huwa ghali. Bei nzuri tuliyoifurahia ilikuwa ni ile ada ambayo haikulipwa. Tulimwomba radhi, tukapoteza arubuni, tukakodi gari lenye leseni, na kila familia ikaongeza fedha. Walionung'unika walikuwapo, na hatukuwalaumu.

Tunajua baadhi ya wasomaji wetu watauliza: bima si haramu? Swali ni la haki. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwezi wa Disemba 1985, liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa inayouharibu mkataba, na badala yake likaielekeza jamii kwenye bima ya kusaidiana iliyojengwa juu ya tabarrui, ndiyo tuiitayo takafuli. Hapa Kenya kampuni ya takafuli imekuwapo tangu 2011. Rai yetu ni hii: bima ya gari sheria imeilazimisha, na asiyeikata huhatarisha haki za watu wengine, basi hapo hakuna pa kukwepea. Iliyo ya hiari, mtu aanze kwa kuiulizia takafuli. Na yule Bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo ategemee, sisi tulikuwa tumemhubiri mara nyingi kuliko tulivyomfuata.

Ukiitaka bima ya safari yenyewe, ile ya matibabu, mizigo na kuahirishwa kwa safari, uliza kwanza kama inafanya kazi ndani ya nchi, kwani nyingi huuzwa kwa waendao ng'ambo. Kisha anzia kusoma mwisho, palipoandikwa yasiyolipiwa. Vijana wetu wawili walipouona mlima walitaka kwenda mpaka kilele cha Lenana, mita 4,985, na mikataba mingi huutoa upandaji milima au huuwekea kipimo cha urefu. Mwenye pumu, kisukari au mimba kubwa aseme mapema. Kuficha maradhi ili kupunguziwa ada ni udanganyifu kwanza mbele ya Mungu, kisha ndiyo sababu nyepesi ya kukataliwa dai. Bibi mmoja katika msafara wetu ana pumu, na baridi ya Kianjokoma si ya kuchezewa. Alikuja na dawa zake na shali mbili, na usiku hakutoka nje.

Aliyeumia hakuwa yeye. Siku ya tatu mtoto wa miaka tisa aliteleza katika njia ya udongo mwekundu kati ya michai, akavunjika kifundo cha mkono. Tukamkimbiza Embu, karibu kilomita ishirini kuteremka. Babake hakuwa na wasiwasi: michango yake ya SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF tangu 1 Oktoba 2024, analipa bila kukosa. Dirishani ikaonekana kwamba jina lake lipo, la mkewe lipo, na la mtoto mkubwa. La huyu halipo. Hakuwahi kumwandikisha. Akalipa mfukoni, kwa fedha alizoziweka za kurudia, na nauli ya kurudi akakopeshwa na yule mama mjane.

Usiku ule, mtoto amekwisha kufungwa plasta na kulala, tulimkuta baba ameketi jikoni kwa mwenyeji wetu, kando ya moto, simu mkononi, akipiga *147# ili amwongeze mwanawe. Simu ikamtaka nambari ya cheti cha kuzaliwa. Cheti kilikuwa Mombasa, ndani ya kabati la nyanyake mtoto. Bibi akaamshwa, akatafuta miwani, akaisoma nambari mojamoja kwa sauti, na kila mara mvua ilipozidi juu ya mabati akatakiwa aanze tena.