Ugonjwa wa Kinywa cha Paka Mzee

Najua wako watakaocheka wakiona mwalimu wa dini ameshika kalamu kuandika habari za paka. Na wacheke, walakini wasome. Katika nyumba zetu za Terrat paka si pambo la kuwekwa juu ya kiti, bali ni mtumishi asiye na mshahara. Mahindi na maharagwe tuliyoyavuna kwa jasho hukaa ghalani miezi mingi, na pasipo paka, panya hula fungu lao kabla ya watoto. Kwa hiyo twamfuga miaka na miaka, twaijua sauti yake na mwendo wake, wala hatumtazami kinywani hata siku moja. Na humo kinywani ndimo ugonjwa huu unamojificha.

Paka wetu aliitwa na watoto Askari, kwa ajili ya kulinda ghala. Alizaliwa mwaka 2009, na mwenyewe hasa alikuwa mama yangu, maana alilala miguuni pake. Mwaka 2022, mvua za masika zilipokuwa zikiisha, mama aliniambia, "Mwanangu, huyu hukamata panya, lakini hali tena." Nikamwangalia siku tatu. Alikuja mbio penye sahani yake kama mwenye njaa, akanusa dagaa, akalamba mara mbili, akarudi nyuma. Kipande alichokitwaa alikitafuna kwa upande mmoja, kikamwanguka. Baadaye mate yakaanza kumtoka, yenye uzi wa damu na harufu mbaya, na manyoya ya kifuani yakashikamana, kwa kuwa aliacha kujilamba. Paka asiyejilamba ana jambo.

Majirani walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema ni mfupa umemkwama, mwingine akasema amerogwa, na wa tatu akasema ni kichaa cha mbwa. La pili naliacha lipite. Lakini yule wa tatu asidharauliwe, maana paka naye hupata kichaa cha mbwa, na mate kumtoka ni dalili yake mojawapo. Mnyama aliyebadilika tabia ghafula, mkali kuliko desturi au mpole kupita kiasi, mwenye kuyumba na kutokwa na mate, msimtie mkono kinywani kabisa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama wa namna hiyo, na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apate chanjo. Dalili zikisha kumtokea mtu, ni vigumu mno kumpata aliyepona. Askari wetu alikuwa na akili zake zote, na ugonjwa wake ulikwenda polepole majuma matatu, hali kichaa cha mbwa huua mnyama katika siku chache tangu dalili zionekane.

Nalimtia katika kikapu chenye kifuniko, nikampeleka kwa daktari wa mifugo mjini Arusha. Watu wawili waliokuwa wakingoja na habari za ng'ombe wao walinitazama kwa mshangao, lakini daktari hakucheka. Alimshika kichwa, akamfunua taya, na kwa kidole gumba akasukuma kutoka chini ya kidevu hata ulimi ukainuka. Pale chini ya ulimi palikuwa na kitu chekundu, kigumu, chenye kidonda katikati. Akaniambia kwamba mahali pale ndipo watu wengi wasipopaona, na ya kuwa meno mabovu na fizi zilizooza huleta dalili zile zile, mate na harufu na kukataa chakula, na paka wa namna hiyo wengi hupona wakitibiwa au waking'olewa meno. Basi mtu asimhukumu paka wake kufa kabla hajatazamwa. Akampa dawa ya usingizi, akakata kipande kidogo cha nyama ile kipelekwe maabara, kwa sababu macho peke yake hayatoshi kuitambua saratani.

Jibu lilipokuja lilikuwa saratani, ile inayoanza katika utando laini unaofunika kinywa kwa ndani. Hiyo ndiyo saratani ya kinywa inayowapata paka kuliko zote, na huwapata zaidi waliopita umri wa miaka 10. Huanza chini ya ulimi au katika fizi. Haina haraka ya kusafiri kwenda viungo vya mbali, ila pale ilipo huchimba mpaka ndani ya mfupa wa taya, meno yakalegea na uso ukavimba upande mmoja. Mara nyingi paka huyu hafi kwa uvimbe wenyewe, bali kwa njaa na maumivu.

Nalimwuliza daktari kama kuna kukata. Akajibu kwamba uvimbe ukiwa mdogo, tena mbele ya taya ya chini, madaktari huweza kuondoa sehemu ya taya, na katika nchi zenye mashine za kuwatibu wanyama hutumia na mionzi. Walakini hata huko, wengi wa paka hawa hawavuki miezi mitatu, na wanaofika mwaka mmoja ni chini ya mmoja katika kumi. Uvimbe wa Askari ulikuwa umekwisha kushika mzizi wa ulimi. Nalimshukuru kwa kunena wazi.

Mke wangu alitaka kujua ni kosa gani tulilolifanya. Hilo nalo lina jibu, ingawa si kamili. Wataalamu wa Marekani walichapa mwaka 2003 uchunguzi wao juu ya paka wenye ugonjwa huu, wakaona umewapata zaidi wale waliovikwa kola za kuua viroboto na wale waliolishwa sana vyakula vya kopo. Moshi wa tumbaku nyumbani nao walioutaja, kwa kuwa moshi hukaa katika manyoya na paka huulamba, ila ushahidi wake haukuwa na nguvu. Askari hakuvaa kola maisha yake yote, na kopo hakulijua. Basi sisi hatukuendelea kutafuta mkosaji. (Kwa wanadamu ni habari nyingine: tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, huleta saratani ya kinywa bila shaka yoyote. Mzee mwenye kidonda mdomoni kisichopona kwa majuma mawili, na apelekwe hospitali.)

Tukamtunza majuma matano. Mama alichemsha samaki, akatoa miiba yote, akaponda nyama pamoja na maji yake hata ikawa laini kama uji, akampa ikiwa vuguvugu, maana chakula chenye joto kidogo hunukia na kumvuta. Kitunguu hakutia, kwa kuwa ni sumu kwa paka. Binti yangu alimfuta kidevu asubuhi na jioni kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto kidogo. Dawa ya maumivu tulipewa na daktari, matone ya kuhesabu. Hapa nawasihi sana: msimpe paka Panadol. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo, damu hushindwa kuchukua hewa, na kidonge kimoja chaweza kumwua. Aspirini nayo isitolewe pasipo neno la daktari.

Binti alikuwa na kalenda ukutani, akatia alama siku ambazo Askari alikula na kuota jua mlangoni. Juma la kwanza alama zilikuwa sita. Juma la nne zilikuwa mbili. Juma la tano haikuwako hata moja, na paka akawa anajificha nyuma ya debe la maji, taya limevimba, hataki kuguswa. Daktari alikuwa amekwisha kutuambia kuhusu sindano. Mimi nalisita kulinena mbele ya mama, kwa kuwa paka alikuwa wake. Yeye ndiye aliyeanza. "Mwanangu, ng'ombe akivunjika mguu, baba yako hakumwacha afe kwa njaa. Huyu amenilindia chakula miaka 13. Kamwite huyo daktari."

"Yeyo, una hakika?"

"Nina hakika tangu juzi. Nalikuwa nakungoja wewe."

Daktari akaja Jumamosi. Sindano ya kwanza ilimlaza usingizi mapajani pa mama, na ya pili ikasimamisha moyo. Hakulia. Tulimzika karibu na ua wa minyaa, upande unaoutazama Mlima Meru, na binti akaishusha kalenda ukutani.

Mwezi wa Agosti jirani yule aliyesema habari za mfupa alituletea mtoto wa paka, wa kijivu, mwenye kelele. Binti humfunua kinywa kila Jumamosi, apate kuzoea kutazamwa angali mdogo, naye humkwaruza mikono. Panya walikuwa wamekwisha kutoboa magunia mawili.