Udongo wa Kulipia

Nilitua Doha mwaka 2021 kusafisha vyumba vya hoteli, vyumba 14 kwa zamu. Kima kipya cha chini cha mshahara kilikuwa kimeanza Machi mwaka huohuo: riyali 1,000 kwa mwezi, malazi na chakula juu ya mwajiri. Ndiyo maana wenzangu wa bwenini waliposikia nimelipia kozi ya ufinyanzi, Ijumaa sita, walidhani nimetapeliwa. Mshahara wa mwezi mzima ulimezwa. "Dada, si kwenu vyungu vinafinyangwa bure?" Mkenya mmoja akaniuliza.

Kweli kabisa. Mimi ni Mkisi wa Ikombe, jirani na Matema, Ziwa Nyasa. Mama ni mfinyanzi, bibi alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyetu hupanda mtumbwi kwenda soko la Lyulilo kila Jumamosi. Nimekua nikisugua vyungu kwa kokoto mpaka ving'ae. Basi nikaingia darasani na kiburi changu, kikadumu kama dakika kumi.

Gurudumu la umeme halina simile. Nyumbani chungu kinakungoja: unakigeuza kwa mkono, unasita, unapiga soga, unaendelea. Hapa udongo unakujia mbio, na ukiufuata umekwisha. Donge langu liliyumba, likanichapa viganja, tope likanirukia hadi kwenye nyusi. Mwalimu, Mfilipino mpole, akanishika kiwiko cha kushoto akakibana kwenye paja langu. Kiwiko kikae, akasema, udongo ndio utembee. Ijumaa tatu nilifanya hilo tu, kuliweka donge katikati. Utajuaje limekaa? Fumba macho: ukihisi kama gurudumu limezimwa, ilhali unalisikia likinguruma, limekaa.

Ijumaa ya nne nikainua kibakuli. Nikakipenda mno. Mwalimu akachukua waya akakipasua katikati, kama mtu anayekata papai. Mdomo ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, kitako kinene kama kandambili. Niliogopa kubana pale chini ukuta unapoanzia, udongo wote ukabaki hapo. Nilinuna mpaka kituo cha metro. Lakini wiki iliyofuata nilivipasua vyangu mwenyewe, kimoja baada ya kingine, na nadhani waya ule ulinifundisha kuliko tanuri.

Tena kuna kiyoyozi. Kinakausha upande mmoja, mdomo wa chombo unapinda, kitako kinachanika. Ilibidi tuvifunike kwa mifuko ya plastiki vikauke polepole, katika mji ambao nje jua linatosha kuchoma matofali.

Alasiri moja baada ya darasa nilipita Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, lile jengo la msanifu I. M. Pei lililofunguliwa 2008 pale Corniche. Nilisimama mbele ya bakuli jeupe la Iraki, la karne ya 9, lenye maandishi ya buluu. Wafinyanzi wa huko walikuwa wameona kauri nyeupe za China, na udongo wa namna ile hawakuwa nao. Wakaufunika wa kwao kwa rangi nyeupe ya kung'aa iliyotiwa bati. Ujanja mtupu, na ninauheshimu. Vigae vya vyombo vya Ghuba vya zama hizo vimefukuliwa Manda na Unguja Ukuu, pwani ya kwetu. Vilifika kwetu kabla mimi sijafika kwao. Nilikaa pale mpaka mlinzi, Mganda, akanisalimia kwa Kiswahili.

Likizo ya 2023 nilimpelekea mama kibakuli kimoja, nimekifunga ndani ya kanga kwenye mkoba wa mkononi. Akakigonga kwa kucha, akasikiliza. Akakipindua, akapitisha kidole gumba pale ukuta unapoanzia.

"Hapa uliogopa."

"Ndiyo, mama."

Akakitia chumvi, akakiweka karibu na mafiga. Kisha akageuka.

"Na hela ulilipa wewe, au walikulipa wao?"